Datsun 240Z ya 1972 na injini ya RB26: nianzie wapi?

Spana14:
Habari wakuu. Nina Datsun 240Z ya 1972, bado ina injini yake ya asili, L24 ya lita 2.4 na kabureta mbili. Inawaka, inatembea, lakini pumzi imekata, na kila nikishuka mteremko nimeachia mafuta halafu nikakanyaga tena, nyuma ni moshi wa bluu. Sasa nimepata injini ya RB26DETT iliyotoka kwenye Nissan Skyline GT-R R32, na tabo zake mbili (za kusukumia hewa ndani ya injini), giaboksi na kontrol boksi (kompyuta ya injini). Muuzaji anasema "unaweka tu, inaingia". Nataka farasi 350 hivi, gari la barabarani na mara mojamoja uwanja wa mashindano. Naombeni mwongozo kabla sijatoa hela. Matusi napokea, ila yawe na faida.

MzeeKabureta:
Gari lililobeba Safari Rally 1971 na 1973 kwa L24 hiyohiyo, wewe unataka kuling'oa moyo. Haya.

Moshi wa aina hiyo mara nyingi ni sili za valvu, injini yenyewe bado nzima. Fungua silinda hedi uone. Ukitaka nguvu bila kutoka nje ya ukoo, tafuta bloku ya L28, ndugu mkubwa wa L24, iwekee kreki shafti ya LD28, ile ya dizeli. Stroki, yaani mwendo wa pistoni, inapanda kutoka milimita 79 hadi 83, na ukichonga silinda zifike milimita 89 una lita 3.1. Inakaa kwenye mauntingi zilezile, hukati bodi popote. Ukiifungia kabureta tatu za Weber, sauti yake niachie mwenyewe.

GiaYaTano:
Shikamoo mzee, ila farasi 350 kwa L isiyo na tabo, gari la kwendea sokoni? Hapana.

Spana14, kuhusu nafasi muuzaji hajadanganya sana. RB ni silinda sita za mstari kama L. Alichonyamazia ni sampu, bakuli la oili chini ya injini. GT-R inavuta kwa magurudumu manne, na difu ya mbele imefungwa ubavuni mwa sampu, ekseli ikipenya humohumo ndani. Kwako hilo dude halina kazi na halina pa kukaa. Utatafuta sampu na bomba la kufyonzea oili vya ndugu zake RB20 au RB25, kisha upime vizuri dhidi ya krosimemba (boriti inayopita chini ya injini). Giaboksi nayo ina transfa ya kupeleka nguvu mbele, kwa hiyo iache hukohuko, chukua ya RB25 ya Skyline R33.

Jambo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Kwenye RB26 za mwanzo, sehemu ya kreki inayozungusha pampu ya oili ni fupi, inashika gia ya pampu pembeni tu. Ukiwa mtu wa kugongesha mshale wa mizunguko ya injini mwisho, gia inapasuka, presha ya oili inaanguka, na beringi hazikusubiri. Dawa ipo, inavishwa kola ndefu, lakini lazima injini ishushwe chini na kreki itoke. Muulize muuzaji kama hiyo kazi imefanyika. Akianza kukohoa, umeshajibiwa.

Mimi ningeenda RB25DET. Tabo moja, joto dogo ndani ya boneti, na 350 inafika ukibadilisha tabo, nozeli na pampu ya mafuta, ukaitengenezea programu mpya.

BintiFundi:
Kaka zangu mnajaza boneti tu. Kusimama je? Hiyo 240Z nyuma ina breki za ngoma. Mbele wengi hufunga kalipa za piston nne za Hilux, zinakubali. Difu ni R180, tafuta iliyo imara zaidi, R200 ya 280Z. Pampu ya mafuta ya L24 inaendeshwa na injini, presha yake ni ya kabureta. RB inataka bar 3 hivi, kwa hiyo pampu ya umeme, bomba la kurudishia, na kitangi kidogo cha kati, la sivyo kwenye kona injini itameza hewa.

Lakini hayo yote baadaye. Leo jioni lala chini ya gari na bisibisi. Gonga reli mbili za chasi kuanzia chini ya miguu ya dereva kwenda mbele, halafu chini ya trei ya betri. Usiamini rangi nyeusi.

Spana14:
Nimerudi, nina kutu mpaka kwenye nyusi. Reli ya kushoto inalia vizuri. Ya kulia, chini ya betri, bisibisi imezama hadi kwenye mpini. Nilipoichomoa imetoka na unga mwekundu na nyuzi za faiba; kumbe kuna mtu alipaka faiba juu ya tundu, akafunika kwa lami. Muuzaji nimemwambia ampe mwingine. Nakata reli nzima wiki ijayo.

BintiFundi:
Usikate bado. Kwanza pima mapengo ya milango yote miwili, andika. Chomelea vyuma vya kushikilia matundu ya milango, bodi likae sawa juu ya stendi, kisha kata upande mmoja tu. Likijikunja milimita tatu, mlango haufungi tena.

Spana14:
Mlango wa kulia tayari haufungi bila kuunyanyua. Nilidhani ni bawaba.