Mbwa wangu mchanga wa usasi ananikimbia mimi mwenyewe, na Jumapili tunaingia mwituni. Nisaidieni

MkulimaWaUwanda
Assalaam alaykum jamaa zangu. Niko Unguja, Mkoa wa Kusini, huku kwenye ardhi ya mawe, nalima muhogo na viazi vitamu. Wanaolima huku wanajua: nguruwe wakishuka usiku mmoja tu, asubuhi unakuta matuta yamepinduliwa yote na mizizi imetafunwa nusunusu. Msimu huu wamekula zaidi ya nusu ya muhogo wangu.

Nina mbwa dume, hudhurungi, kifua cheupe, ana miezi tisa hivi. Mama yake alikuwa kwenye kundi letu la wasasi, yaani wawindaji, na hakuna asiyemjua. Sasa huyu mtoto nikiingia uani tu, anajibanza chini ya mtumbwi mbovu. Nikimwita anajikojolea. Chakula nikiweka mimi, hali mpaka niondoke. Kwa mke wangu hana tabu, na mwanangu wa miaka sita anamvuta masikio naye katulia. Ni mimi tu.

Sijampiga hata siku moja, Mungu ni shahidi wangu. Na mwituni hajaingia bado. Jumapili kundi linatoka. Nimtengenezeje kwa siku nne hizi?

PwezaMkavu
Siku nne? Yakhe, mie mkwe wangu ana miaka minne hajanizoea. 😂

UstadhWaMtaa
Waalaykum salaam. Ndugu yangu, mimi nimeshtushwa na hilo la mtoto kumshika masikio. Unajua hukumu ya mbwa kwetu sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Mate yake au unyevu wake ukigusa chombo, kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Mbwa wa kuwindia na wa kulindia shamba anaruhusiwa, na Suratul Maida aya ya 4 imewataja wanyama waliofundishwa kuwinda. Lakini ruhusa ile ni ya kazi. Uani na watoto anafanya nini?

MkulimaWaUwanda
Ustadh, nashukuru. Banda lake liko nje ya ukuta, uani huingia mchana tu, na bakuli lake ni lake peke yake. Mtoto nitamkanya. Lakini naomba turudi kwenye swali langu, siku zinakwisha.

KamandaWaBara
Mkuu, mimi niko Morogoro. Huku kwetu ngiri ukitaka kumuwinda unahitaji mbwa wakubwa watatu wenye roho mbaya. Huyo mwoga muuze, nunua mbegu ya German Shepherd. Mbwa mwoga ni mwoga tu.

BabuMsasi
Kamanda, Unguja hakuna ngiri. Tunaye nguruwe wa mwituni, yule mwenye nywele za mgongo ndefu na meno ya chini makali kama wembe. Na hao mbwa wenu wakubwa ukiwaleta huku kwenye mawe, kabla ya adhuhuri nyayo zao zote zimechanika. Vijibwa vyetu hivi vyembamba ndivyo vinavyojua wapi pa kukanyaga.

BiMifugo
Kaka MkulimaWaUwanda, mimi kazi yangu ni wanyama. Nina maswali mawili kabla sijasema kitu.

Mbwa aliyezaliwa mwoga kwa kawaida huogopa watu wengi, hasa wageni. Wako anamwachia mtoto masikio yake, halafu anakukimbia wewe peke yako. Huyo ana sababu, na sababu hiyo ni baina yake na wewe. Ilitokea nini? Na je, ana jeraha au kovu popote?

MkulimaWaUwanda
Bi, hakuna kilichotokea. Kovu lipo moja pajani, dogo, nadhani aliumia akicheza.

Kwa kweli nimeshazungumza na kiongozi wa kundi. Ana jike lake kongwe, limetulia, halishtuki na kitu. Jumapili tutawafunga kamba moja, shingo kwa shingo, huyu avutwe mpaka azoee. Kamba ya katani nimeshainunua. Ninachotaka kujua ni iwe na urefu gani.

PwezaMkavu
Kumbe ushaamua, basi umekuja kutuuliza nini?

SharifaWaJambiani
Mie sijui usasi, ila nilikuwa na paka aliyenusurika kwenye moto wa jiko. Miaka miwili nikishika kibiriti anaruka dirishani. Mnyama hasahau. Ami yangu naye alikuwa na punda akiogopa daraja moja tu, mengine yote anapita. Baadaye ndipo ikajulikana kuwa pale ndipo alipodondoka akiwa mdogo na gari la mawe.

BiMifugo
Hilo kovu la kucheza lina urefu gani? Kingo zake zimenyooka au zimechanika ovyo? Na ukiishika hiyo kamba mpya mbele yake, anafanyaje?

BabuMsasi
Mwanangu, jibu swali la huyo bibi.

MkulimaWaUwanda
Sikulala jana. Nitasema.

Mwituni aliingia mara moja. Ilikuwa wiki mbili baada ya sherehe za Mwaka Kogwa, ana miezi mitano au sita. Sikwenda na kundi, nilikwenda naye peke yangu alfajiri, nyuma ya shamba, nikitaka aone njia za nguruwe. Nilimfunga kamba nikaishika mkononi. Kwenye kichaka cha michongoma alisimama, akanusa, akaanza kutetemeka. Mimi nikadhani uvivu. Nikaifunga ile kamba kwenye shina la mchongoma ili nisogee mbele nikatazame.

Nguruwe alitokea ubavuni. Mkubwa, dume. Mimi nilikimbilia mkwaju uliokuwa pale nikapanda. Mbwa alikuwa amefungwa. Alijaribu kunifuata, kamba ikamrudisha. Nilimwona akinitazama kule juu, halafu nguruwe akamfikia. Alimpiga mara moja pajani akapita zake.

Sikushuka haraka. Nilikaa kule juu mpaka jua lilipotoka vizuri, na yeye chini akilia. Nilipomfungulia alinilamba mkono mara moja tu, kisha akaenda nyumbani mbele yangu kwa miguu mitatu. Tangu siku hiyo hajanisogelea.

Kovu lina urefu wa kiganja. Limenyooka.

Nilisema sijampiga, na ni kweli sijampiga. Yeyote mwenye watoto angepanda ule mti.

SharifaWaJambiani
Subhanallah. Maskini wa Mungu.

KamandaWaBara
Mkuu usijilaumu, hata mimi ningepanda. Mbwa ni mbwa, mtu ni mtu.

Mpekuzi
Subirini kidogo kabla hamjalia. Nimeusoma uzi huu mara mbili. Uliandika "mwituni hajaingia bado". Sasa kumbe aliingia. Kovu lilikuwa dogo la kucheza, leo ni kiganja kizima. Tena nguruwe hawa hutembea usiku, na mara nyingi kwa kundi, wewe umekutana na dume peke yake kumekucha. Na huko mawe matupu mkwaju wa kumbeba mtu mzima umetoka wapi? Mtumbwi nao unafanya nini uani mwa mkulima wa muhogo? Hii hadithi imetungwa. Tumeshaliwa muda wetu.

PwezaMkavu
Ehee! Hata mie ule mtumbwi ulinikaa kooni.

KamandaWaBara
Weka picha ya kovu basi tuone.

UstadhWaMtaa
Kumdhania muongo mtu aliyekiri aibu yake ni dhana mbaya, ndugu zangu. Aliyetunga hadithi angejifanya shujaa.

BabuMsasi
Mpekuzi, nakujibu mimi. Uwandani, huku kwenye ardhi ya mawe, miti ipo, haijasambaa. Penye mashimo ya udongo mwekundu kati ya mawe utaukuta mkwaju au mbuyu umesimama wenyewe, na ndipo hapohapo watu wanapolima, kwa sababu ndipo penye udongo. Dume la nguruwe la peke yake alfajiri nimekutana nalo zaidi ya mara moja, linarudi kujificha na tumbo limejaa muhogo wa watu. Na ni kweli hupiga mara moja likapita. Likishikilia ni pale mbwa wameshalizingira.

Kilichonifanya nimwamini si nguruwe. Ni pale mbwa alipomlamba mkono mara moja halafu akaenda mbele. Mtu hawezi kulitunga hilo. Mimi nimeliona.

Nilikuwa na jike langu, zamani, Karume bado yu hai. Lilitumbukia kwenye shimo la pango tukimfukuza nguruwe, na wenzangu wakasema tuendelee, tutalirudia jioni. Tukaendelea. Jioni giza likatukuta upande mwingine. Nililirudia asubuhi, nikashuka kwa kamba nikalitoa, zima, halikuvunjika hata ukucha. Nililibeba mabegani mpaka nyumbani. Lilikula, likalala, likawa linawinda na kila mtu ila mimi. Nikipiga mbinja mimi, linakaa chini. Akipiga mwenzangu, linakwenda. Nilimpa mwenzangu mbwa yule, na sikufuga tena kwa misimu miwili. Sikuwa na wa kuniambia nifanye nini. Wewe umempata huyu bibi, basi msikilize.

MkulimaWaUwanda
Mtumbwi ni wa marehemu baba yangu, alikuwa akivua upande wa Bwejuu. Siwezi kuuchoma kuni. Picha sitaweka, uani pana watoto na mke wangu hapendi. Mwenye kuamini aamini.

Bi Mifugo, nilimwonyesha ile kamba kama ulivyouliza. Nilikuwa mbali naye, kama hatua kumi. Alilala chini kifudifudi akafumba macho.

BiMifugo
Basi tumepata. Kaka, mbwa wako si mwoga. Pale michongomani alikuonya kwa kutetemeka na hukumsikiliza, kisha kamba ikamshika wakati wewe huru umekwenda. Ukimfunga tena Jumapili, tena shingoni na mbwa mwingine, nguruwe akitokea unawapoteza wawili. Yule kongwe hataweza kukwepa akiwa na mzigo.

Siku nne sahau. Fikiria miezi. Sasa sikiliza:

Hiyo kamba itoe uani leo, iende mbali asikoiona wala kuinusa. Itarudi baadaye, kwanza ikiwa imelala chini mbali na chakula chake, na wewe hujaigusa.

Kila siku saa ileile, kaa chini. Chini kabisa, juu ya mkeka au gunia, umpe ubavu au mgongo. Usimtazame machoni, usimwite, usinyooshe mkono. Mtu akiinama juu ya mbwa aliyetishika, kwa mbwa huo ni ukuta unaanguka. Uwe na kitu anachokipenda sana, dagaa au kichwa cha samaki, na umrushie nyuma yake, si mbele yako. Watu wengi hukosea hapa. Wanamvuta kwa chakula mpaka karibu na mkono, anakuja kwa njaa huku moyo unamtoka, na akishameza anakumbuka alipo na hofu inazidi. Ukimrushia nyuma, anajifunza kuwa ukiwepo wewe anapata kitu na bado ana ruhusa ya kuondoka. Aje mwenyewe.

Mke wako aendelee kumpa chakula chake cha kawaida, usimshindishe njaa. Wewe uwe mtu wa vile vitamu tu. Akijikojolea usimkemee, anakwambia tu kuwa hana ugomvi na wewe. Akijilamba midomo au akipiga miayo bila usingizi, umekaa karibu mno, sogea nyuma.

Akishakuja bila kulazimishwa, ndipo uanze mbinja, polepole, hatua tatu kutoka kwake, na kila mbinja iwe na dagaa. Mwituni baada ya hapo, bila nguruwe, bila panga kugonga mawe, aende na lile jike kongwe likiwa huru na yeye huru. Nguruwe asubiri mpaka atimize mwaka na nusu. Na siku hiyo, akisimama akitetemeka, simama na wewe.

Na amepata chanjo ya kichaa cha mbwa? Na lile jeraha lilitazamwa na bwana mifugo?

MkulimaWaUwanda
Jeraha nililiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Chanjo hajapata. Kesho nitampigia bwana mifugo aje nyumbani, kumpeleka sitaweza bila kamba.

Lakini Bi, ukweli wangu ni huu: miezi sina. Nguruwe hawasubiri. Na kundi nimeshaliambia naja na mbwa.

PwezaMkavu
Yakhe, nilikufanyia mzaha juu kule, nisamehe. Liambie kundi mbwa anaumwa. Nenda wewe na mkuki wako. Wasasi wangapi hawana mbwa na wanakwenda?

UstadhWaMtaa
Asiseme uongo. Aseme mbwa hayuko tayari. Inatosha.

Mpekuzi
Mimi bado sijaridhika na hizo tarehe. Lakini tuseme ni kweli, basi Bi Mifugo kasema maneno ya maana. Na kama unalinda muhogo, utege watu usiku kwa zamu na matofali ya mbuzi, shemeji zangu wa Muungoni hugonga madebe mpaka alfajiri.

BabuMsasi
Matofali ya mbuzi ndiyo nini?

Mpekuzi
Simu imeandika yenyewe babu. Matarumbeta na mabati.

MkulimaWaUwanda
Jumapili usiku. Nimerudi.

Nilikwenda bila mbwa. Nilimwambia kiongozi wa kundi yote, ya mkwaju na ya kamba. Hakusema kitu kwa muda, kisha akanambia nitembee nyuma na wazee. Tumepata nguruwe mmoja, upande wa shamba la jirani, si wangu.

Kamba nimempa jirani anayefunga ng'ombe.

Bwana mifugo alikuja Ijumaa, kamchanja akiwa ameshikwa na mke wangu, mimi nimesimama nje ya ukuta. Kasema msuli umepona vizuri.

Leo ni siku ya tatu nakaa juu ya gunia, baada ya laasiri. Siku ya kwanza hakutoka chini ya mtumbwi, dagaa walikula kuku. Jana alitoa kichwa, akamla mmoja, akarudi. Leo nilikuwa nimechoka na mwitu, nimekaa nimewapa mgongo wote, yeye na mtumbwi, narusha dagaa kwa nyuma bila kutazama. Nilirusha sita. Baada ya wa sita sikusikia kitu. Nikajua kaondoka.

Halafu nikahisi pumzi mgongoni, juu kidogo ya kiuno. Ya moto, ya harakaharaka. Alininusa shati lote la mgongo, mpaka begani. Sikugeuka. Mke wangu alikuwa mlangoni na ungo mkononi, hakusogea naye. Sijui ilichukua muda gani. Akarudi zake chini ya mtumbwi.

Bi Mifugo, kesho nifanye nini?

BiMifugo
Kesho usibadilishe kitu. Gunia lilelile, mahali palepale, mgongo uleule.

BabuMsasi
Na shati lilelile, mwanangu. Usilifue.