Pledi ya begani ya Kiskoti: sentimita 107 au 122?

Habari wakuu, naomba ushauri. Ni ile pledi (kitambaa cha mirabaraba cha kutupia begani) ya mraba inayobanwa bega la kushoto kwa bruchi (pini ya mapambo), si ile ndefu ya wapiga zumari. Mvaaji ana urefu wa sentimita 163. Bega liko 133 kutoka sakafuni. Kitambaa ni sufu ya wakia 16 kwa yadi, nzito kweli.

Nimepima kwa shuka, marinda kwenye ukingo mmoja, sentimita 10 zikibaki juu ya bruchi. Mraba wa 137 karibu uguse sakafu. Wa 107 unaishia chini kidogo ya goti, ila mgongoni unaonekana mwembamba.

Je, 122 itamzidi? Na matamvua yanahesabiwa ndani ya kipimo, au yanaongezwa?