Udongo wa mbuga umenishinda uani. Walioweza kwa hela ndogo, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nipo Shinyanga, kiwanja kiko mbugani kabisa, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata. Mvua zikinyesha, kandambili inabaki nyuma mguu ukitangulia. Kiangazi ardhi inapasuka hadi juzi kifaranga kimetumbukia ufani, tukawa tunakisikia kinalia chini.

Mwaka jana niliambiwa nichanganye mchanga. Nikaleta kirikuu nzima. Mvua ya kwanza ilipokauka, tuta likawa tofali, na mchicha ukagoma kuvuka urefu wa kidole. Sasa mfukoni hamna kitu. Aliyefanikiwa aseme alifanya nini, na palipomshinda pia aseme.

Mama Bamia: Pole mwanangu, mchanga umetuponza wengi. Ili ufae lazima uwe mwingi mno, nusu ya udongo au zaidi. Ukitia kidogo, mfinyanzi unajipenyeza katikati ya punje na kuzigandisha.

Mimi niko Kahama, na mkombozi wangu ni pumba za mpunga. Kwenye mashine ya kukoboa wamezirundika nje hadi wanazichoma, kwa hiyo nililipa kijana wa baiskeli tu. Kosa langu: nilizifukia mbichi. Chainizi ikageuka njano yote, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha pumba vinanyang'anya mimea naitrojeni. Msimu uliofuata nikazilundika na samadi ya ng'ombe, tabaka kwa tabaka, nikamwagia maji na kupindua kila baada ya wiki mbili. Kufikia mwezi wa nne tangu nilundike, lundo lilikuwa jeusi, halina tena harufu ya zizi. Nikaweka madebe mawili kwa kila mita moja ya mraba, nikachanganya juu juu, kina cha kiganja. Kila msimu narudia, maana mboji inaliwa ikaisha.

Jembe Butu: Mimi kilichoniponza ni haraka, kulima udongo ukiwa umelowa. Mabonge yakikauka hapo hata sururu inadunda. Siku hizi nafinyanga kitonge na kukibonyeza kwa kidole gumba. Kikimomonyoka, nalima. Kikibonyea kama ugali, narudi ndani kunywa chai.

Wa Kitengela: Huku kwetu ni ule mweusi, wajenzi wanauchimba wakautupa kabla ya kuweka msingi. Mimi niliacha kupigana nao. Nimeinua matuta ya futi moja, upana mkono unafika katikati, na hakuna anayekanyaga juu, hata watoto wanajua. Samadi ya mbuzi juu, kisha nyasi kavu. Msimu wa tatu ndipo nikaona minyoo.

Mzee wa Mbaazi: Pandeni mbaazi. Mzizi wake unashuka mahali jembe halifiki. Ukimaliza kuvuna kata shina, usiling'oe, mizizi iozee humo humo.

Kiberenge: Na msinunue jasi (gypsum) kwa kusikia tu. Inasaidia udongo wenye sodiamu nyingi. Wangu haukuwa nayo, hela ikaenda.

Mwenye mada: Mama Bamia, zile pumba zilizoungua zikawa nyeusi zinafaa?

Mama Bamia: Nyeusi chukua. Zilizokuwa majivu meupe ziache, kazi yake imekwisha.

Mwenye mada: Basi kesho asubuhi niko kwa mwenye mashine. Na kifaranga kilitoka mzima, tulikishushia kijiti chenye kitambaa kikang'ang'ania.