Mrejesho: kijani cha Kitulo kimekubali

Wakuu, niliuliza kwa nini nikichora mandhari nje kwa rangi za mafuta, majani yote yanatoka kijani kimoja kikali. Mkaniambia niache kijani cha tyubu, nichanganye buluu na njano, kisha nikipunguze ukali kwa nyekundu.

Jumamosi nilipanda Kitulo, ile hifadhi ya maua huku nyanda za juu, mvua zimeshaanza na maua yanafunguka. Ukungu ulikuwa mzito, vidole vimekufa ganzi. Nikaanza na tabaka jepesi lenye tapentaini (kimiminika cha kuzimua rangi ya mafuta), rangi nzito nikaiweka juu baadaye. Nyekundu niliyotia ni ya ncha ya kisu tu, nyasi zikatulia, maua yakajitokeza mbele. Jamani, nilifurahi mno!

Leo siku ya tano picha bado mbichi, baridi ya huku Mbeya mnaijua. Nimeiegemeza ukutani, watoto wamekatazwa kuisogelea. Asanteni sana.