Mafundi wa kodi za programu wa Arusha na Moshi, alama moja ya kutoa imeniaibisha mbele ya darasa na nyinyi mnaniletea vichekesho

Wakuu, habari za jioni. Nimekuja na hasira, mwenye presha apite pembeni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kidato cha tano na sita, hapa Moshi. Kompyuta yangu ni ya mtumba na mshahara mnaujua, kwa hiyo leseni za zile programu kubwa za hesabu nazisikia tu. Mitihani naiandika kwenye LibreOffice, hesabu nzito naiachia Maxima, programu ya kukokotoa. Zote za bure na zote halali. Wale mnaonifuata PM na "crack ipo mkuu", bakini nayo.

Shida yangu iko katikati ya hizo mbili. Kihariri cha fomula cha LibreOffice kinachora fomula ikapendeza, ila hakijui kukokotoa hata nusu jumlisha nusu. Maxima inakokotoa mpaka unaogopa, lakini jibu inakupa kwa lugha yake. Kugawanya, Maxima inaweka mkwaju (/). LibreOffice inataka neno "over" na yale mabano yaliyopinda kama masharubu. Ile e ya logi asilia Maxima inaiandika %e, ukiibandika hivyo hivyo LibreOffice haikuelewi. Lazima awepo mkalimani.

Mkalimani alikuwepo. Kuna kiendelezi, yaani programu ndogo ya kuongezea ndani ya LibreOffice, alikitengeneza mtu mmoja wa kujitolea huko ughaibuni: unaandika swali ndani ya waraka wako, unabonyeza, jibu linashuka chini yake limenyooka. Kilikuwa na ugonjwa wake, nisiseme uongo. Ukimpa Maxima intego ya e^(-ax) kutoka sifuri mpaka infiniti, yeye kwanza anakuuliza, hiyo a ni chanya, hasi au sifuri? Kiendelezi hakikujua kwamba kimeulizwa swali. Kinasubiri jibu, Maxima naye anasubiri jibu, waraka umeganda na wewe unautazama. Dawa ni kutangulia na assume(a>0), nami niligundua baada ya kuzima mashine kwa nguvu mara tatu. Lakini kilifanya kazi.

Mwezi uliopita nikaapdeti LibreOffice. Kiendelezi kikagoma. Kwenda kwenye ukurasa wake nakuta mwenyewe kaandika kwamba hana muda tena, anayetaka kodi achukue.

Nikarudi kutafsiri kwa mkono. Usiku, umeme unakuja na kukatika, kesho yake mtihani wa moko. Swali la 7: intego ya x²e^(-x). Maxima ikanipa (-x² - 2x - 2)e^(-x), sahihi kabisa. Mimi kwa usingizi nikachapa (-x² + 2x - 2)e^(-x) kwenye makingi skimu. Nikaweka kwenye flashi, asubuhi steshenari, nakala zikatoka, walimu wenzangu wakasahihishia hiyo.

Jumatano kijana mmoja wa PCM, mpole kweli, ananifuata ofisini. "Shikamoo mwalimu. Samahani, nimelidifirenshieti jibu lako, swali halirudi." Kafungua daftari, nikaangalia. Kwangu mimi inatoka (x - 2)²e^(-x), yaani mraba kamili, umekaa pale kama umepangwa unicheke. Kwake inatoka x²e^(-x) kama swali lilivyo. Na wekundu wa kalamu umempitia mtoto wa watu, sifuri kati ya nne.

Sasa hasira yangu iko hapa. Nilishaleta hili la kiendelezi kugoma humu wiki tatu zilizopita. Majibu niliyopata ni "nunua leseni mwalimu", "siku hizi watu wanauliza AI", na mmoja akaweka kikatuni cha mbuzi. Kuna kundi la vijana wa kompyuta wa Arusha, kila mkutano wanapiga picha na fulana za chanzo huria. Waliniahidi "tutaiangalia wikiendi, mkuu". Wikiendi ya mwaka gani?

Na nyie wa "si utumie LyX". LyX naijua, ni programu ya kuandikia nyaraka za hesabu, inaongea na Maxima bila kiendelezi chochote. TeXmacs, ya aina hiyo hiyo, nayo naijua, unafungua Maxima katikati ya waraka kama unavyofungua dirisha. Ni kazi nzuri za watu wa kujitolea na notsi zangu mwenyewe naandikia humo. Ila mtihani wa pamoja tunaandika walimu watano, na mwalimu wa taaluma anataka faili linalofunguka kwenye Word yake, aongeze nembo ya shule. Mpelekee faili la LyX uone atakavyokutazama.

Msiniambie haiwezekani. Maxima yenyewe ni mtoto wa Macsyma, programu ya hesabu iliyoanza chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968. Profesa wa Texas, William Schelter, aliitunza toka 1982, mwaka 1998 akapata ruhusa ya kuiachia kwa leseni huria ya GPL, na 2001 akafariki. Watu wa kujitolea wakaibeba, na ndiyo iliyonipa jibu sahihi usiku ule. Tena tusiende mbali: 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulitoka Jambo OpenOffice, programu nzima kwa Kiswahili. Hapa naomba kiendelezi ambacho kodi yake yote ni ya lugha ya programu ya Python na ipo wazi. Nimeifungua mwenyewe, nimeelewa kama robo, makosa yanaanzia pale inapomwita Maxima. Nimeshaandika ripoti ya hitilafu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Haina wa kuisoma.

Kwa hiyo anayejua Python, awe Ngaramtoni, Njiro, Pasua au Kiboriloni, Jumamosi saa nne nipo. Mashine ninayo, bando nanunua mimi, chakula cha mchana juu yangu. Asiyejua asinijazie uzi. Mods, msiuunganishe na ule wa mbuzi.

Mimi naendelea kupekua makaratasi upya, swali la 7 tu, moja moja. Nimefika la hamsini na kitu, na mpaka sasa waliopata sawa na kijana yule ni kumi na moja.