Kubadili boksi la umeme kutoka ampea 100 (100A) kwenda 200A hapa Marekani, hela ya serikali bado ipo au ndo imeisha?

Mpole_wa_Theluji: Wadau salaam. Nina nyumba ya zamani, boksi la breka ni la 100A na limejaa, hamna nafasi hata ya breka moja. Ukifungua kale kamlango unakuta karatasi imeandikwa kwa penseli imefifia, breka iliyoandikwa "jiko" ukiizima kinazima choo. Sasa nataka kuweka hiti pampu (mashine ya umeme ya kupasha na kupoza nyumba), baadae na chaja ya gari la umeme. Fundi kaja kaangalia dakika kumi tu kasema lazima 200A, bei aliyotaja nimekaa chini kwanza, halafu ananipoza eti usiwaze, serikali inakurudishia kwenye kodi. Namuuliza shilingapi, anajibu "nyingi tu". Mwenye uzoefu anisaidie maana kesho anataka nisaini.

Dada_Ritani: Usisaini kaka. Huyo anakuuzia habari zilizopitwa na wakati. Ile nafuu ya kodi ilitoka kwenye sheria ya Inflation Reduction Act ya 2022, ilikuwa 30% ya gharama lakini kwa boksi mwisho wake $600, hiyo ndo "nyingi tu" yake. Na ilikuwa lazima boksi liwe 200A kwenda juu na lifungwe kwa ajili ya kitu kingine kinachokubalika kama hiyo hiti pampu, sio boksi peke yake. Halafu ikaja sheria ya 4 Julai 2025 ikaikata, kazi iliyokamilika baada ya 31 Desemba 2025 haina kitu. Hata enzi zake haikuwa hela ya mkononi, ilikuwa inapunguza kodi unayodaiwa, kama hudaiwi imekula kwako na haihamii mwaka unaofuata. Waliomaliza kazi ndani ya 2025 ndo wajaze fomu ya kodi 5695.

Kibanda_Mbao: Hapo kwenye "kukamilika" msome mara mbili jamani. Mimi nililipa yote Desemba nikijua nimewahi, jamaa wakaja kufunga wiki ya pili ya Januari kisa mvua kisa vifaa, nimepeleka karatasi kwa mtu wa kodi kanitazama tu usoni. Wanaangalia siku kazi ilipoisha, siku uliyolipa haiwahusu. Risiti ya Desemba ipo kwenye droo, naiangalia nikitaka kujikasirisha.

Mpole_wa_Theluji: Daah pole sana mzee. Kwa hiyo hamna kitu kabisa?

WayaMoja: Kipo, ila mlango wake ni mwingine. Sheria hiyohiyo ya 2022 iliweka ribeti (punguzo la bei linalolipwa na serikali) zinazopitia majimbo, za boksi zinafika $4,000 na za wayaringi $2,500, jumla kwa kaya isizidi $14,000 ukichanganya na hiti pampu na vinginevyo. Inategemea kipato: mkiwa chini ya 80% ya kipato cha kati cha eneo lenu inaweza kulipa gharama yote mpaka kwenye hicho kikomo, kati ya 80 na 150 inalipa nusu, juu ya hapo sahau. Kuna majimbo yamefungua, mengine bado, so anza na ofisi ya nishati ya jimbo lako. Na HAWALIPI kazi iliyokwisha fanyika, ombi kwanza ndo fundi ashike bisibisi. Chaja nayo sheria iliipa nafuu yake ya kodi, 30% mwisho $1,000, kwa iliyofungwa mpaka 30 Juni 2026 tu na nyumba iwe kwenye maeneo yaliyotajwa, sio kila mtaa.

Ila mimi nina swali kabla ya hela, nani kakwambia unahitaji 200A? Dakika kumi huwezi kupiga hesabu ya mzigo. Ingia kwenye akaunti yako ya umeme, shusha matumizi ya mwaka mzima ya kila robo saa (ya mwezi hayafai), tafuta kilele, yaani pale ulipovuta umeme mwingi kuliko wakati wote. Tuseme kilele ni kW 9.6, kwa 240V hiyo ni 40A, kanuni za ufungaji umeme za Marekani (NEC) zinataka uzidishe 1.25, unapata 50A. Ongeza chaja uliyoiseti 16A, nayo mara 1.25 ni 20A, jumla 70A. Kwenye 100A yako imebaki 30A na kuna hiti pampu zinaingia hapo. Chaja ya 16A ikichaji usiku kwa masaa 10 inakupa karibu kWh 38, kwa mizunguko ya kawaida inatosha na kubaki. Nafasi za breka kuisha ni tatizo lingine, hilo linatibiwa na boksi dogo la pembeni. Usichanganye boksi lililojaa na umeme usiotosha, mafundi wengine wanapenda sana uchanganye.

MamaMapacha2: Naunga mkono, sisi tulipata ribeti, ikakatwa palepale kwenye invoisi hatukusubiri kurudishiwa. Ila karatasi za kipato waliomba za kila mtu mzima ndani ya nyumba, mpaka shemeji aliyekuja "wiki mbili" na yuko sebuleni mwaka wa pili.

Dada_Ritani: 😂😂 shemeji kapandisha kipato cha kaya

Mpole_wa_Theluji: Nimeshusha hiyo data saa hizi, kilele changu kW 7.2 tu, ilikuwa siku ya sikukuu wageni wamejaa na oveni inawaka. Hiyo si 30A? Mara 1.25 ni 37.5. Fundi nimemtumia meseji anionyeshe hesabu yake kwa maandishi, tiki mbili za bluu, kimya.