Tupeane uzoefu: unashushaje MB za picha bila ubora kupotea machoni?

Mtoa mada, Mbeya

Wakuu habari za mchana. Uzi huu ni wa yeyote anayehangaika na picha nzito, uwe mpiga picha, mwenye steshenari, muuza nguo mtandaoni, mkulima anayewatumia wateja picha za mazao, hata kama simu yako tu imejaa na hutaki kufuta picha za familia. Naomba kila mtu aseme kile anachokifanya mwenyewe.

Naanza mimi. Napiga send-off, kipaimara na mahafali hapa mjini, nikipata upenyo nakimbilia mandhari, Rungwe, Ngozi, Kitulo maua yakiwa yamechanua. Simu za siku hizi nyingi zinatoa picha ya 4000 kwa 3000, hizo ni pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha) milioni 12, faili linakuja MB 3 mpaka 6 hivi na kamera kubwa ndo usiseme. Sasa mteja anaiangalia kwenye simu, kioo cha full HD kina pikseli 1920 kwa 1080, yani kama milioni 2 tu, zilizobaki zote anazichomea bando bure. Ndo maana mimi sianzi na kwoliti, naanza na vipimo. Ukitoka 4000 ukaja 2000 upande mrefu pikseli zinabaki robo, maana umekata urefu na upana kwa pamoja. Hapo ndo naenda kwenye kitelezi cha kwoliti, kile programu inachokupa wakati wa kusevu, naweka 80 au 85. Picha nyingi zinashuka chini ya MB 1 na ukimwekea mtu zote mbili kwenye simu hakwambii ipi ni ipi.

Ila kuna kitu ukungu wa huku kwetu umenifundisha na sijaona watu wakikisema sana. Chukua picha mbili za Tukuyu asubuhi, moja ya mashamba ya chai, nyingine ukungu umetanda mlimani, vipimo sawa, kwoliti sawa. Ya chai itatoka nzito kuliko ya ukungu kwa mbali sana. Sababu ni kwamba JPEG, fomati inayotumika kwenye picha nyingi, inaigawa picha vigae vidogo vya pikseli 8 kwa 8, kigae chenye mabadiliko mengi ndani yake, majani, vivuli, matone, kinakula data nyingi, kigae cha ukungu mtupu kinakula kidogo. Sasa ubaya wake unatokea kinyume na watu wanavyodhani. Ile ya chai ukiibana mpaka 70 hakuna atakayegundua, makosa yanajificha kwenye majani. Ile ya ukungu ukiishusha hivyo hivyo unaanza kuona vigae vyenyewe, na weupe unaotakiwa ufifie taratibu unakuwa na ngazi ngazi. Kwa hiyo ya ukungu naiacha 90 na bado inakuwa nyepesi. Anga, ukuta uliopakwa rangi na shavu la bibi harusi vyote navihesabu humo humo. Kabla sijaridhika nazoom mpaka asilimia 100 naangalia sehemu laini tu, majani na nywele siziangalii kabisa.

Karibuni.

Mdau wa Miyomboni, Iringa

Kamwene wote. Mimi niko upande wa steshenari, kazi yangu kubwa ni vijana wa maombi ya kazi na vyuo, mfumo unamwambia faili lisizidi KB kadhaa yeye kaja na cheti kapiga picha kwa simu juu ya kitanda MB 5. Cheti naskani upya. A4 ukiskani kwa dpi 300, yani nukta 300 kwa kila inchi, inatoka 2480 kwa 3508, karibu pikseli milioni 9, ukiskani kwa 150 ni robo yake na maandishi ya kawaida yanasomeka vizuri tu. Kama hakina mhuri wa rangi naweka kijivu, mhuri ukiwepo naacha rangi maana kuna wanaokataa cheti kisa mhuri umegeuka mweusi.

Passport size ndo nina mengi. Vijana wengi wanaibana picha nzima halafu ndo wanakata uso, hapo unabaki na uso wenye vigae kama alivyosema mtoa mada. Mimi nakata kwanza, napeleka pikseli 400 au 500, ndo nasevu, inakaa kwenye makumi ya KB bila kugusa kwoliti sana. Na pale dukani nimetundika shuka jeupe lililopigwa pasi sawasawa, sio kwa urembo, mikunjo ya kitambaa nayo ni data, nyuma kukiwa plain KB zinabaki kwa ajili ya uso.

Dada wa vitenge, Mwanjelwa

Mtoa mada asante kwa uzi. Mimi nauza vitenge na kanga mtandaoni, shida yangu ilikuwa nyekundu. Kanga yenye maandishi mekundu nikiipunguza tu, kingo za herufi zinavuja, nyekundu inaingia kwenye nyeusi kama imechuja, na mteja akiona hivyo anajua kanga yenyewe inachuja! Kaka mmoja fundi kompyuta ndo akanifafanulia, jicho la mtu linaona mwanga na giza vizuri kuliko linavyoona rangi, so JPEG mara nyingi inahifadhi mwanga wote halafu rangi inaipunguza nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Kwa picha ya mtu huoni kitu, kwa herufi nyekundu unaona. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, wakati wa kueksport ukifungua chaguo za ziada kuna 4:2:0, ndo hiyo inayopunguza rangi, na 4:4:4 inayoiacha rangi nzima, mimi kwa kanga na vitenge vyekundu naweka 4:4:4, faili linaongezeka kidogo lakini rangi inakaa ndani ya mstari wake. Nafidia kwa kushusha vipimo.

Mkulima, Njombe

Parachichi. Mnunuzi anataka aone ganda lina madoa au halina. WhatsApp ukituma kama picha inaibana yenyewe, ukituma kama dokumenti inaenda vilevile ilivyo. Nakrop tunda peke yake nalituma kama dokumenti, nyepesi na madoa yanaonekana. Ila wakulima wenzangu angalieni, ukituma kama dokumenti na simu ilikuwa inarekodi lokesheni, basi mtu anaweza kujua shamba liko wapi mpaka mlango wa stoo. Izimeni kwenye kamera.

Mwalimu, Tukuyu

Mimi naomba kuuliza, nikizizip picha za mahafali mbona folda halipungui? Na skrini shoti za matokeo nikizigeuza JPEG herufi zinakuwa na vumbi vumbi pembeni.

Mtoa mada

Shikamoo mwalimu. JPEG tayari imeshabanwa, zip haina pa kushika, utapata asilimia chache tu, zip inakusaidia kuzifunga pamoja zisipotee. Skrini shoti usizipeleke JPEG, ziache PNG, PNG haitupi kitu chochote, ila ipunguzie idadi ya rangi ziwe 256. Ukurasa wa maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe hauhitaji rangi mamilioni, unashuka sana na herufi zinabaki kali.

Mdau wa Mafinga

Wenye iPhone msisahau HEIC, fomati ambayo kamera yake inasevia picha, ilikuja na iOS 11 mwaka 2017, ni nyepesi kuliko JPEG kwa ubora uleule, ila kompyuta nyingi za steshenari huku hazifungui na mteja anaanza kulaumu simu yake. Kama picha ni ya kupeleka steshenari, ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, chagua ile inayoendana na vifaa vingi. Kama ni ya kukaa nayo mwenyewe, iache HEIC, ukiigeuza JPEG MB zinaongezeka na ubora hauongezeki.

Mdau wa Miyomboni, Iringa

Mkuu mtoa mada unatumia programu gani? Na harusi nzima unazipunguza moja moja??

Mtoa mada

Moja moja natumia Squoosh, ni ya watu wa Google, inafunguka kwenye brauza na kazi yote inafanyika kwenye kifaa chako, picha haipandishwi kokote, kwa mtu wa bando hilo ni jambo kubwa. Ninachoipendea zaidi ni ule mstari wa katikati, kushoto picha ya asili kulia iliyobanwa, unausogeza juu ya shavu au juu ya ukungu huku unashusha kitelezi, unaona kabisa pale ubora unapoanza kukatika. Nikishapata namba yangu pale, harusi nzima naipitisha kwenye programu za kompyuta, IrfanView au XnConvert, kwa mkupuo mmoja.

Mawili ya kuzingatia hapo. Namba ya kwoliti sio asilimia ya kitu chochote, na 80 ya programu hii sio lazima iwe sawa na 80 ya ile, kwa hiyo ukibadilisha programu pima upya. La pili, ziende folda jipya, usisevu juu ya za asili. JPEG kila ukiifungua ukaihariri ukaisevu tena inapoteza kidogo, kwa hiyo ukitaka saizi nyingine rudi kwenye ya asili, usiipunguze iliyopunguzwa.

Na picha za ukumbini usiku, zile zenye chenga chenga kwa sababu ya mwanga hafifu, zisafishe chenga kidogo kabla ya kubana. Chenga kwa JPEG ni data sawa na majani ya chai, inazibeba zote kwa uaminifu. Kidogo lakini, ukizidisha ngozi inakuwa ya plastiki.

Dada wa vitenge, Mwanjelwa

Na mteja akitaka kuprinti je? hiyo ya 2000 si itatoka na ukungu

Mtoa mada

Dada angu, albamu ya 6 kwa 4 kwa dpi 300 inahitaji 1800 kwa 1200 tu, kwa hiyo ile ya 2000 inatosha na chenji inabaki. Akitaka ya A3 ya kutundika sebuleni hapo ndo hapana, A3 kwa 300 ni kama 4960 kwa 3500, hata ile nzima ya pikseli milioni 12 inaifikia kwa karibu dpi 240, inakubalika ila hakuna tena cha kukata. Hiyo aje na flashi nimpe ya asili.